Mwaka Niliobaki Chini

Noella alifika kwenye arobaini ya mume wangu akiwa na sanduku moja dogo na miwani ya jua kichwani, na wanawake waliokuwa wakichambua mchele uani kwangu wakaniuliza kwa macho kama huyu ndiye yule. Ndiye. Ndiye mdogo wangu, aliyeondoka Uganda midomo yake ikiwa ya zambarau, hawezi kutoka nyumbani hadi bombani bila kuchuchumaa njiani. Sasa ni mwanamke mnene mwenye watoto wawili, na alipanda ngazi zangu amebeba mfuko wa sukari niliomkataza kuubeba. Nilimtazama akipanda nikasikia furaha na hasira kwa pamoja, maana ngazi hizo hizo mimi siku hizi nazipanda nikishika ukuta. Tulikuwa hatujaonana tangu mwaka 2006. Mama yetu alifia huko huko ughaibuni, na mimi nilimzika kwa kutazama simu, nimekaa juu ya kitanda changu hapa Mbarara. Watu wakiniuliza kwa nini sikwenda huwaambia viza ilichelewa, na wao kwa adabu hujifanya wameamini. Sababu yenyewe ni mwaka ule mmoja, na kwa kuwa mume wangu Abdu hayupo tena wa kunikatiza na kunisahihisha, nitausimulia ninavyoukumbuka mimi.

Tulikuwa tukikaa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mimi, Mama na Noella, katika nyumba ya udongo yenye paa la plastiki, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la kitenge. Upande mmoja tulilala sote watatu kwenye godoro moja. Upande wa pili kulikuwa na gunia la mahindi, jembe, sufuria za Mama zilizopangwa kwa ukubwa, na harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, ambayo haikutoka hata tukifungua mlango mchana kutwa. Mlango huo ulikuwa wa mbao, wa kweli, na Mama aliupenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Noella alikuwa na miaka tisa na moyo wake ulikuwa na tundu. Daktari wa Mbarara alitueleza bila kuzungukazunguka kwamba tundu lile lilitaka kuzibwa, kwamba hapa lisingezibwa, na kwamba likiachwa mtoto hatafika utu uzima. Kwa ajili ya tundu hilo, nchi moja ya mbali yenye baridi ilikubali kutuchukua. Sisi Wakongo wa kambini tulikuwa na neno letu kwa habari hiyo, dosiye, yaani faili la safari. Dosiye yetu ilikuwa moja, yenye watu watatu, na tuliizungumzia kama majirani zetu Wanyankole wanavyozungumzia ng'ombe mwenye mimba: imefika wapi, inaendeleaje, isije ikaharibika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikifanya ukalimani kwenye zahanati ya kambi. Mganga anasema Kiingereza, mgonjwa anasema Kiswahili chetu, na mimi katikati nasema "mimi naumwa tumbo", "mimi naharisha", magonjwa ya watu wote yakipita mdomoni mwangu siku nzima. Mwanzoni mwa mwaka daktari mmoja mgeni alinichukua hadi Kampala kumsindikiza mama mmoja mgonjwa wa macho. Mgonjwa akalazwa, na daktari, aliyekuwa na haraka ya kurudi kazini, akanikatia tiketi ya ndege ndogo kutoka Entebbe hadi Mbarara. Nilimpigia Mama kwenye simu ya jirani kumweleza. Alicheka hadi akakohoa. "Panda, mutoto wangu, panda," alisema. "Ujizoeze. Siku yetu ikifika, miye na Noella tutakuwa tunalia, weye njo utatuonesha fasi ya kukaa." Nyuma yake nilisikia majirani wakipiga vigelegele, maana simu ile ilikuwa ya mtaa mzima.

Tulikuwa abiria watano na rubani. Daktari alikaa mbele yangu. Pembeni yangu alikaa mwanamume wa makamo mwenye baraghashia, amepakata mfuko wa vitambaa kama mtu aliyepakata mtoto wa watu. Uwanja wa Mbarara siku zile ulikuwa na majani mazuri kandokando, na ng'ombe hajui majani yapi ni ya serikali. Kwa hiyo marubani walikuwa na desturi yao. Mara ya kwanza ndege hupita chinichini juu ya uwanja bila kutua, ili kelele iwatimue ng'ombe. Halafu huzunguka na kurudi kutua. Wachungaji wa pale waliijua desturi hiyo na walikuwa wakiwashika ng'ombe wao mpaka ndege irudi. Siku ile, kama tulivyokuja kuambiwa, palikuwa na mchungaji mgeni aliyetoka mbali kufuata malisho. Aliona ndege imekuja, imepiga kelele, imekwenda zake. Akangoja kidogo, akawarudisha ng'ombe wake kwenye majani, na kwa akili yake alifanya sawa kabisa. Sisi tukaja mara ya pili, tumeshuka, ardhi iko pale pale, nikaona dirishani pembe ndefu nyeupe, nyingi, na mtu mmoja akikimbia na fimbo. Rubani aliivuta ndege juu kwa nguvu. Bawa likagonga mkaratusi, dunia ikageuka upande, tukaangukia shamba la matoke.

Migomba ndiyo iliyotuokoa. Ilivunjika chini yetu mmoja baada ya mwingine, ikatupunguza mwendo, na maji yake yakatulowesha kama tumeoga. Ndege ililala ubavu, upande wangu ukiwa chini. Rubani na daktari walitokea kwenye kioo cha mbele, wale wawili wa nyuma wakatolewa mlangoni, tukabaki mimi na yule wa baraghashia. Viti vya mbele vilikuwa vimerudi nyuma vikatubana miguu yote minne, na yeye mwenyewe alikuwa ameniangukia nusu, hawezi kujiinua. Harufu ya mafuta ilikuwa puani. Nilitaka kupiga kelele, lakini kifua hakikuwa na nafasi ya kujaa hewa, na hapo ndipo hofu yenyewe iliponiingia. Wakati wa kuanguka sikuogopa, sikupata nafasi. Niliogopa baadaye, katika kile kimya, nilipojaribu kusogeza kidole cha mguu na kidole kikakataa.

Wanajeshi wa kambi ya Mbarara ndio waliofika kwanza. Nilisikia buti zao kwenye majani makavu ya migomba, kisha sauti nzito juu ya kichwa changu. "Nyinyi watu ya ndani! Nani iko mzima?"

"Tuko wawili," mwenzangu akajibu. "Tumebanwa."

"Basi tulia. Hapana sukuma kitu. Sisi nakata pole pole." Kisha sauti ile ikageuka kuwa ngurumo. "Wewe ssebo! Zima hiyo sigara! Unataka choma watu?" Kumbe wanakijiji walikwishajaa kutazama, na mmoja wao alikuwa amewasha sigara apate kutazama vizuri. Wakaanza kukata vyuma kwa msumeno wa mkono, na kila ulipovutwa nilihisi unavutwa kwenye meno yangu.

"Nabanwa," nikamwambia mwenzangu.

"Najua, dada. Na mimi ndiye niliyekubana. Nisamehe." Macho yangu yalikuwa yakijifunga. Akanigusa shavu kwa kidole, mkono wake pekee uliokuwa huru. "Usilale. Nisikilize mimi. Naitwa Abdu, nina duka mjini. Twende dukani. Ukiingia, mkono wa kulia ni vitenge, vya kwenu hivyo, nimekujua kwa lafudhi. Mkono wa kushoto ni mashuka. Juu kabisa kuna kanga. Hapa Mbarara hawanunui sana, dada yangu ananicheka, lakini mimi baba yangu ni mtu wa Bukoba, siwezi kuwa na duka la nguo lisilo na kanga. Haya, mkono wa kushoto kuna nini?" Nikamjibu mashuka. Alinitembeza duka lile rafu kwa rafu, akirudi nyuma kila niliponyamaza, mpaka msumeno ukafika kwetu na yule askari akasema sasa vuta huyu msichana.

Mguu wangu ulikuwa umevunjika, wake pia, na tulilazwa hospitali moja, yeye wodi ya wanaume, mimi ya wanawake. Dada yake, Bi Zaituni, mwanamke mfupi mwenye amri, alileta pilau na chai ya tangawizi kwa wote wawili, kana kwamba kuanguka pamoja ni aina ya undugu. Mama alikuja kutoka Nakivale na bugali na sombe, kisamvu cha kwetu, akaitazama pilau ile kwa mashaka. "Chakula ya Baislamu iko na mafuta mingi," alisema, na akaimaliza. Yeye ajali ile aliipokea kama baraka. Kila mgeni aliyekuja kunitazama alimweleza vile vile, kwamba Mungu ameshatulipia, ameangusha ile ndogo ili ile kubwa isianguke. Mimi nilikuwa siwezi hata kuvumilia pazia la kitanda likivutwa. Usiku niliwaomba manesi waache mlango wazi, na wagonjwa wenzangu walinilaani kwa sababu ya mbu.

Siku ya safari ilitangazwa katikati ya mwaka, mimi nikiwa nimeanza kutembea bila mkongojo. Kwa watu wa upande wetu, mwenye safari hauzi vyombo vyake. Anagawa. Akiuza watasema anajifungia njia, na Mama hakuwa mtu wa kuchezea njia. Godoro likaenda kwa jirani yetu Mama Shukuru, pamoja na sufuria zote. Jembe na shamba la maharage lililokaribia kuvunwa vikaenda kwa mjane wa Kirundi. Vitenge vyake vizuri aliwagawia wanakwaya. Na mlango ule wa mbao, ambao nilidhani hata Mungu akiuomba hatapewa, Mama aliwapa vijana wawili waliokuwa wametoka kufunga ndoa. Waliung'oa asubuhi ya safari, sisi tukiwa tumekaa juu ya masanduku. Nilikuwa nimeamua kwenda. Nataka hilo lieleweke, nilikuwa nimeamua, na nilipanda basi la Entebbe kwa miguu yangu. Lakini basi lilipopita Masha nikawaona ng'ombe wamelala kandokando ya barabara, na tulipofika Mbarara likasimama kwenye kituo cha mafuta watu wachimbe dawa, nikashuka, na sikuweza kupanda tena. Nilishika chuma cha mlango, nikainua mguu, mguu ukarudi chini wenyewe. Mama alinivuta, mchungaji wa kanisa letu, aliyekuwa akitusindikiza, akaniombea, watu wakalalamika. Ofisa wa safari, kijana mpole, alisema mtu mzima ana ruhusa ya kubaki, mama na mtoto waendelee. Mama akamwangalia kama mtu aliyemtukana. "Tutaenda bote ao tutabakia bote," akasema, akamshusha Noella, akaamuru masanduku yatolewe.

Hivyo tukarudi Nakivale kwenye nyumba isiyo na mlango. Sijui kama nimewahi kuona jambo la kuaibisha na kuchekesha kama kuishi katikati ya vitu vyako vilivyo mikononi mwa watu. Hakuna aliyekataa kurudisha. Ni Mama aliyekataa kuomba. "Kitu umegawa, umegawa," alisema. Tulilala kwenye mkeka, na upande wa pili wa ukuta tulisikia godoro letu likilia chini ya mgongo wa Mama Shukuru. Mwanamke huyo alikuwa na roho nzuri, akatuletea chakula katika sufuria yetu kubwa, na Mama akaiosha, akaigeuza mkononi, akasema, "Sufuria hii inapika muzuri," kama anayeiona kwa mara ya kwanza, akanituma niirudishe. Noella alicheka hadi akaishiwa pumzi, tukaogopa. Maana pumzi zake zilikuwa zinapungua. Vidole vyake vilikuwa vimevimba nchani, na shuleni alikuwa hawezi tena kwenda ila akibebwa. Kila jioni mbele ya bugali nilimwambia Mama aende na mtoto aniache, na kila jioni alinijibu hapana bila kuinua macho. Nilimwita mkaidi, akaniita mwoga, na sote tulikuwa tunasema kweli. Mimi sikuweza kupanda, yeye hakutaka kupanda bila mimi, na aliyekuwa akikosa hewa ni yule aliyelala katikati yetu. Nilimchukia Mama miezi ile. Nadhani naye alinichukia, na bado tulilala tumeshikana kwa sababu ya baridi.

Siku moja nilikuwa nimelala ndani mchana, wao wakidhani nimekwenda zahanati. Mama na Mama Shukuru walikuwa nje wakichambua maharage, na kati yangu na wao palikuwa na karatasi ya plastiki tu mahali pa mlango. "Umuache, Mama Riziki," Mama Shukuru alisema. Riziki ni mimi. "Ule iko mukubwa."

"Nimuachie nani? Mutoto mwanamuke, hana bwana, pekee yake mu kambi? Batakuja kumugongea mulango, na mulango yenyewe hatuna."

"Na kama angekuwa ameolewa?"

Maharage yakasikika yakianguka kwenye ungo. "Angekuwa ameolewa, ningeenda kesho," Mama akasema. "Mutoto ameolewa iko ku mikono ya bwana yake. Ile, Mungu hawezi niuliza." Kisha akalia, Mama ambaye sikuwa nimemwona akilia hata pale kituo cha mafuta, na Mama Shukuru akamwambia basi, basi, utalowesha maharage.

Kesho yake nilipanda boda hadi Mbarara nikaulizia duka la Abdu. Nilipoingia sikuhitaji kuelekezwa. Vitenge mkono wa kulia, mashuka kushoto, kanga juu zimejaa vumbi. Abdu alikuwa nyuma ya meza, fimbo imeegemezwa ukutani, na Bi Zaituni alikuwa akikata kitambaa. Abdu alifurahi kuniona, nikaona aibu, kwa hiyo nikasema haraka. "Nimekuja kuuliza kama una mke."

Mkasi wa Bi Zaituni ukasimama. "Sina," Abdu akasema. "Alifariki."

"Unataka?"

Nikamweleza yote pale pale nimesimama, Noella, dosiye, basi, maneno ya Mama nyuma ya plastiki. Sikumficha kitu, sikujua namna ya kuficha. Alinisikiliza akikunja kipande cha kitambaa na kukikunjua. "Kwa hiyo hunitaki mimi," akasema mwishoni. "Unataka mama yako apande ndege."

"Ndiyo."

"Na akishapanda?"

"Nitakuwa mke wako. Zaidi ya hapo sijui."

Adhana ya alasiri ikaita. Akachukua fimbo yake akaenda msikitini, akaniacha na dada yake, ambaye alinipa chai akaendelea kukata kitambaa. Aliporudi alisimama mlangoni mwa duka. "Watu wa Mbarara nzima walituona siku ile nimekulalia," alisema. "Bora tuhalalishe." Bi Zaituni akasonya, kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, na ndani ya kucheka nilihisi viti vile vya ndege vikirudi tena miguuni mwangu.

Mama alipiga kelele aliposikia ni Mwislamu. Mchungaji akaitwa, kukawa na maombi na kufunga. Lakini Noella alizirai wiki ile mbele ya watu wote wa maombi, na alipozinduka Mama alisimama akajipangusa magoti. "Mungu njo aliangusha ile ndege," alisema. "Ajue Yeye mwenyewe." Alikuja kwenye ndoa yetu amevaa kitenge alichokiazima kwa mwanakwaya, kitenge chake mwenyewe alichokuwa amekigawa. Hakutazama mahari wala wageni. Aliomba kuoneshwa chumba nitakacholala, nyuma ya duka, akausukuma mlango, akaugonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale, akalijaribu komeo. "Iko nguvu," akamwambia Abdu. Huo ndio ukwe wake wote.

Waliondoka kabla mwaka haujaisha. Basi lilisimama kituo kile kile cha mafuta, na Mama alinishika uso kwa mikono miwili. Noella alinipungia dirishani hadi wakapotea. Nilirudi kwenye kile chumba, majora ya vitambaa yamepangwa hadi darini, kitanda katikati, na mwanamume mpole ambaye sikumjua. Nilikuwa nimebanwa upya, na safari hii hapakuwa na askari wa kuja kukata. Nililia siku nyingi. Sikuweza kulala mlango ukiwa umefungwa, mlango ule ule aliousifu Mama, na Abdu, badala ya kunikemea, aliufungua, akaweka kiti kizingitini, akakaa hapo na fimbo yake kuwazuia wezi mpaka nisinzie. Alifanya hivyo usiku baada ya usiku. Asubuhi alifungua duka amechoka, akiwadanganya wateja kwamba ni malaria. Ndiyo hali niliyokuwa nayo simu ilipokuja kwamba tundu limezibwa na mtoto ameomba wali.

Asubuhi baada ya arobaini, mimi na Noella tulikaa uani kusugua masufuria makubwa ya kuazima. Alikuwa anasugua kwa nguvu, mikono imejaa majivu hadi viwiko. "Yaya," akasema, jina letu la dada mkubwa alilokuwa akiniita utotoni, "Mama alinielezea mbele ya kufa. Uliolewa sababu ya miye?"

Niliona amelibeba swali hilo safari nzima, na kwamba jibu lolote lingemwelemea. Nikamjibu kwa Kiswahili cha kwetu, kile ambacho Abdu hakuchoka kunisahihisha.

"Ile mwaka, ndiyo. Niliolewa sababu ya weye."

Akaacha kusugua. "Na ile miaka ingine yote?"

"Ile ingine yote," nikasema, "ilikuwa ya miye."